Kabla Tela Halijakatwa: Mwongozo wa Kusoma Alama na Namba za Matela ya Kale ya Kijeshi, Nachingwea na Ruangwa

Tela kuukuu lililoachwa chini ya mkorosho lina bei mbili. Ya kwanza ni ya kilo, na mnunuzi wa skrepa anaijua vizuri. Ya pili inategemea tela lenyewe ni lipi: lilitengenezwa wapi, lini, kwa ajili ya jeshi gani, na lilifikaje huku Kusini. Bei hiyo ya pili imeandikwa kwenye chuma chenyewe, na mtu yeyote mwenye subira, brashi na penseli anaweza kuisoma. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mkulima wa Naipanga aliyerithi tela la babu yake, fundi wa gereji Ruangwa mjini aliyeletewa ekseli asiyoijua, mwalimu wa historia, na kijana mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye angependa kujua anachokipakia.

Kwa nini namba, na kwa nini hapa

Wilaya hizi mbili zimepitiwa na vyuma vya kijeshi kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, na kwa njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliipelekea serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. John Wakefield akaongoza ujumbe wa uchunguzi, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Urambo na Nachingwea zikafuata, Nachingwea ikiwa kitovu cha eneo la kusini. Mpango ulilenga zaidi ya ekari milioni 3. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha na viwanda havikuweza kutosheleza mahitaji ya mashine mpya, hivyo wakanunua mabaki ya vita. Matrekta yalitolewa kwenye maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na kampuni ya Vickers ikavigeuza vifaru vya aina ya Sherman kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na mwaka 1955 shughuli zilizobaki zikakabidhiwa shirika la kilimo la Tanganyika. Reli ikang'olewa miaka ya 1960. Kwa hiyo ukikuta huku chuma chenye mhuri wa jeshi la Uingereza au la Marekani wa miaka ya 1940, usishangae.

Njia ya pili ni ukombozi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na kambi yao kuu ya mafunzo Nachingwea, na kiongozi wao Samora Machel aliondokea hapa Mei 1975 kwenda kuupokea uhuru wa Msumbiji uliotangazwa tarehe 25 Juni mwaka huo. Misaada ya wapiganaji ilitoka zaidi Umoja wa Kisovieti na China. Njia ya tatu ni jeshi letu wenyewe, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa mwaka 1964.

Kuna sababu tatu za kuzisoma namba. Kwanza, vipuri: ukijua aina ya tela, utajua beringi na nati zake, na jinsi ya kulifungua bila kuliharibu. Pili, umiliki: alama inaweza kukuonyesha kwamba mali hiyo si yako wala si ya aliyekuuzia. Tatu, na kwangu hii ndiyo nzito zaidi, historia ya Nachingwea imeandikwa mno kwa makaratasi yaliyokaa London. Ushahidi uliobaki mikononi mwetu ni chuma, na chuma kinauzwa kila wiki.

Kwanza usalama

Usianze na brashi. Anza na macho.

- Zunguka tela lote ukiwa mbali kidogo. Tela lililokaa miaka kwenye nyasi ni nyumba ya nyoka na nyuki, na upupu hupenda sana kutambaa juu yake.
- Ukiona chochote kinachofanana na risasi, bomu, guruneti au kopo la chuma lililofungwa usilolijua, ndani ya tela au ardhini karibu yake, usikiguse wala usikisogeze. Rudi kwa njia uliyojia, zuia watoto, mjulishe mwenyekiti wa kijiji na upige simu polisi, namba 112.
- Usiingie chini ya tela linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka magogo au mawe makubwa.
- Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lowesha kwa maji kwanza.
- Rangi za zamani huwa na madini ya risasi. Usizikwangue zikiwa kavu, wala usizichome moto.

> ONYO KUBWA: RIMU ZA VIPANDE VIWILI
> Magurudumu mengi ya kijeshi ya enzi hizo yana rimu ya vipande viwili iliyofungwa kwa duara la nati, mbali na zile nati zinazoshika gurudumu kwenye habu. Kulegeza nati za rimu wakati tairi lina upepo kunaweza kurusha kipande cha rimu na kuua. Baadhi ya majeshi yalizipaka nati hizo rangi nyekundu, lakini rangi hiyo leo huenda imefutika. Toa upepo wote, ondoa na kiini cha valvu, ndipo uguse nati yoyote. Kama hujui nati ipi ni ya nini, mwache fundi wa matairi aliyezoea malori makubwa.

Vifaa

Brashi ya nailoni au ya shaba (ya chuma ngumu hapana), maji ya sabuni, mafuta ya taa kidogo, kitambaa, chaki nyeupe, tochi, penseli laini, karatasi nyepesi, futikamba, simu yenye kamera na daftari. Grenda, msasa na tindikali viache nyumbani.

Hatua kwa hatua

1. Omba ruhusa. Muulize mwenye shamba, na kama tela liko kwenye eneo la kijiji au shule, pitia kwa mtendaji. Usiingie eneo la jeshi wala usipige picha karibu nalo. Vyuma vilivyo ndani ya uzio wa kambi si vya kuulizia.

2. Piga picha kabla hujagusa. Mbele, nyuma, pande zote mbili, chini, magurudumu na pete ya kuvutia. Weka futikamba ndani ya picha. Rangi na maandishi ya rangi hupotea mara tu unapoanza kusafisha, na picha hii ndiyo itakayobaki.

3. Tazama umbo. Tela la shamba la trekta hujulikana kwa ndimi mbili za chuma zenye tundu la pini. La kijeshi kwa kawaida lina pete nene ya duara, mguu wa mbele wa kusimamia, ndoano za kufungia turubai ubavuni, soketi ya umeme na breki ya mkono. Tela dogo la Kimarekani la robo tani, lililotengenezwa na Bantam na Willys kwa ajili ya kuvutwa na jipu, lina boksi la bati kama beseni lenye vizibo vya kutolea maji sakafuni, kwa sababu lilikusudiwa kuelea wakati wa kuvuka mto. Tela la tani moja linaloitwa Ben-Hur, kwa jina la kiwanda cha Milwaukee, lilitoka pia katika umbo la boza la maji la galoni 250.

4. Safisha pale tu panapotakiwa. Pangusa tope kwa maji ya sabuni. Penye grisi ngumu weka kitambaa chenye mafuta ya taa, subiri, kisha sugua taratibu. Ukifika kwenye rangi, simama. Mara nyingi chini ya rangi ya kijani ya juu kuna namba nyeupe ya zamani zaidi, na huwezi kuirudisha ukishaiondoa.

5. Tafuta kwa mpangilio. Anza na mikono miwili ya chesisi inayokutana kwenye pete ya mbele, juu na ubavuni. Kisha ubao wa mbele wa bodi, mahali kibati cha maelezo kinapopigiliwa riveti. Fuata chesisi upande wa kulia, hasa karibu na kishikio cha springi cha mbele, halafu upande wa kushoto. Malizia na ekseli katikati, bamba la nyuma ya breki na, kwa boza, ukingo wa mfuniko wa tenki. Kama kibati hakipo, tafuta matundu manne ya riveti. Vipimo kati ya matundu hayo vinafaa pia, viandike.

6. Tumia mwanga wa ubavu. Namba zilizogongwa zikiliwa na kutu hazionekani jua la saa sita. Njoo asubuhi mapema au jioni, au laza tochi iwe karibu sawa na chuma, utaona vivuli vya tarakimu. Pakaa chaki juu kisha pangusa kidogo, chaki itabaki ndani ya mashimo.

7. Sugua penseli. Weka karatasi juu ya namba, ishikilie kwa gundi ya karatasi, sugua penseli ikiwa imelala. Trafiki hufanya hivyohivyo wanapochukua namba ya chesisi. Fanya nakala mbili, na kwenye kila moja andika mahali namba ilipo, tarehe na jina la kijiji.

8. Nakili bila kukisia. Tarakimu usiyoiona iwekee alama ya kuuliza. Usimalizie namba kwa akili. Tatu na nane, moja na saba, sifuri na herufi O, zote huchanganya. Herufi za Kirusi zina mtego wake: В husomwa V, Р husomwa R na Н husomwa N. Chora ulichokiona, kusoma kutafuata.

Namba ipi ni ipi

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Tela moja laweza kuwa na namba zaidi ya kumi, na moja au mbili tu ndizo zinazolitambulisha.

Namba iliyoinuka juu ya chuma imetoka kwenye kalibu ya kusubia. Hiyo ni namba ya kipuri, na maelfu ya matela yanayo ileile. Namba iliyozama imegongwa kwa nyundo baada ya chuma kutengenezwa, na hiyo ndiyo huwa namba ya mfululizo, hasa ikiwa kwenye chesisi au kwenye kibati. Namba iliyopakwa kwa rangi ubavuni au nyuma ni ya usajili wa jeshi. Nayo ina thamani kubwa, ila jeshi jingine likilichukua tela huweka yake.

Usajili wa majeshi makubwa una desturi zake. Jeshi la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili liliweka herufi mbele ya namba, na herufi ya matela ni X. L ni ya malori, H ya matrekta ya kuvutia. Kuanzia mwaka 1949 Waingereza walibadilisha mtindo: tarakimu mbili, herufi mbili, tarakimu mbili. Kwa hiyo muundo huo ukiwa umepakwa kwa rangi, usiseme ni alama ya vita. Wamarekani walianza namba zao kwa tarakimu ya aina ya gari, na matela yalipewa sifuri.

> KISANDUKU: ALAMA ZA MWENYE MALI
> - Mshale wa mistari mitatu mifupi inayokutana kwenye ncha moja, kama unyayo wa kuku: serikali ya Uingereza.
> - Mshale huohuo ndani ya herufi C: Kanada. Ndani ya U: Afrika Kusini. Kati ya D mbili: Australia. Ukiambatana na I: India.
> - Bomu la duara lenye ndimi za moto juu yake: idara ya silaha na zana ya jeshi la Marekani.
> - Pembetano yenye herufi K iliyolazwa ndani yake: alama ya ubora ya Kisovieti, iliyoanza kutumika mwaka 1967. Chuma chenye alama hiyo hakiwezi kuwa cha kabla ya hapo.
> - Herufi JW kwenye kibao cha namba: Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Acha kazi, usinunue, uliza kwanza.

Kibati cha Kimarekani ndicho rahisi kusomeka. SERIAL NO. ni namba ya mfululizo. DATE OF DELIVERY ni siku serikali ilipolipokea tela, wala si siku chesisi ilipounganishwa. Uzito hutajwa kwa paundi, na tani ya Kimarekani ni kilo 907, hivyo "robo tani" ni kilo 227 hivi. Waingereza hutumia CWT, ambayo ni kilo 50.8, kwa hiyo tela lililoandikwa 10 CWT ni la kubeba kilo 508. Na galoni hazilingani: ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.55. Boza la galoni 250 la Kimarekani linachukua lita 946 hivi. Anayekuuzia kwa hesabu ya galoni za Kiingereza anakuzidishia karibu lita 190.

Kirusi kina uzuri wake kwa sababu jina lenyewe ni maelezo. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya ekseli, ya mwisho ni tani. Tela la 1-АП-1,5 lina ekseli moja na hubeba tani moja na nusu. 2-ПН-4 lina ekseli mbili na hubeba tani nne. Alama № hutangulia namba ya mfululizo, na herufi г. hufuata mwaka. Kwenye kibati cha Kichina tafuta herufi tatu tu: 年 hufuata mwaka, 月 hufuata mwezi, na 吨 ni tani. Tarakimu zenyewe huandikwa kama zetu.

Ukikuta namba ndefu ya tarakimu 13 inayoanza na 2330, hiyo ni namba ya ghala ya nchi za NATO, na 2330 ni kundi la matela. Tarakimu mbili zinazofuata ni nchi: 00 na 01 Marekani, 99 Uingereza, 12 Ujerumani. Namba hii hutaja aina ya tela. Haikupi tela moja moja. Namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17 ni ya miaka ya 1980 na kuendelea, kwa hiyo kwenye tela linalodaiwa kuwa la karanga, ina maana limeunganishwa upya au kuna udanganyifu.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Umekuta boza la magurudumu mawili, pete mbele, bomu la moto kwenye kibati, neno GAL baada ya 250, na chini ya rangi ya kijani namba nyeupe inayoanza na sifuri. Hapo una boza la Kimarekani la Vita Kuu ya Pili. Lakini bado huwezi kusema lilikuja na karanga. Hilo linataka ushahidi mwingine: jina la mpango lililopakwa kwa rangi, risiti ya mnada, au mzee anayekumbuka nani aliliendesha.

Makosa yanayorudiwa

Kutaja umri wa tela kwa tairi lake. Tairi hubadilishwa. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa tairi, kwa matairi ya kuanzia mwaka 2000.

Kuchukua namba iliyo ndani ya duara la njano kuwa ni ya usajili. Hiyo ni daraja la uzito, ya kumjulisha mlinzi wa daraja kama gari lipite.

Kusoma jina Timken kwenye habu na kusema tela ni la Timken. Ni mtengenezaji wa beringi. Hata hivyo liandike pamoja na namba yake, litakusaidia kupata beringi ya badala.

Kukaza nguvu kwenye nati za gurudumu la kushoto. Matela mengi ya Kimarekani ya wakati wa vita yana nati za kinyume upande huo, zenye herufi L. Hufunguliwa kwa kuzungusha kuelekea kulia. Fundi asiyejua huvunja stadi tano kabla ya kugundua.

Kosa baya kuliko yote ni kupiga grenda "ili namba ionekane vizuri". Namba iliyogongwa ina kina kidogo sana. Ukisaga, umefuta ushahidi, na mbele ya polisi utaonekana umeichezea namba ya chesisi, jambo ambalo ni kosa la jinai hata kama nia yako ilikuwa njema. Ukihitaji kuchomelea karibu na namba, chomelea kando, na kamwe usigonge namba mpya juu ya ile ya zamani.

Baada ya kusoma

Kama unataka tela litembee barabarani, lazima lisajiliwe Mamlaka ya Mapato (TRA) na likaguliwe na trafiki. Nenda na nakala ya penseli, picha na barua ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya kijiji. Usinunue tela lenye kibati kipya kwenye chesisi yenye kutu.

Kwa historia, usitegemee sheria ililinde tela lako. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu vya kabla ya mwaka 1863; vya baadaye hulindwa tu vikishatangazwa. Ndiyo maana kumbukumbu yako ni muhimu. Nakala moja ipeleke kwa ofisa utamaduni wa halmashauri, nyingine Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kwa namba za jeshi la Uingereza za baada ya vita, Makumbusho ya Royal Logistic Corps huko Uingereza hutunza kadi za magari, nao hupokea maswali kwa barua pepe. Andika namba nzima jinsi ilivyo, na uambatanishe picha.

Orodha ya kukagulia kabla ya kuondoka

☐ Ruhusa ya mwenye eneo
☐ Picha nane, kabla na baada ya kusafisha
☐ Urefu, upana na kipenyo cha ndani cha pete (ya NATO ni milimita 76)
☐ Nakala mbili za penseli
☐ Namba zilizogongwa na zilizoinuka zimeandikwa kando kando
☐ Alama za umiliki zimechorwa
☐ Tabaka za rangi, kutoka juu hadi chini
☐ Jina la kijiji na mahali tela lilipo
☐ Maelezo ya wazee: nani alilileta, lini, kwa kazi gani
☐ Hakuna JW, hakuna silaha

Ruka kipengele chochote kingine ukibanwa na muda, lakini usiruke cha wazee. Waliowaona wafanyakazi wa karanga wakiwa watoto sasa wana zaidi ya miaka 80, na waliowabebea maji wapiganaji wa Msumbiji wamevuka 60. Wafuate wiki hii, kabla gari la skrepa halijafika kijijini kwako.